Mwenye macho na aambiwe tazama

Mzee aliletwa saa nne usiku na bodaboda ileile iliyomwangusha, dereva mwenyewe kachubuka goti lakini kamshikilia mzee kama baba yake mzazi, na kila hatua mzee anajishika ubavu wa kushoto anasema taratibu mwanangu, taratibu. Mimi ndo nilikua zamu chumba cha eksirei, hospitali ya wilaya, mikoa ya juu kule kwenye baridi. Nikamwamkia, marahaba yake ikatoka kwa shida manake hata kuvuta pumzi ilikua kazi, nikamsimamisha kwenye stendi, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele ili ile mifupa bapa ya mgongoni isije ikafunika mapafu, nikamwambia mzee vuta pumzi uishike, akavuta nusu akashindwa, tukarudia, ya pili ikatoka safi. Picha ikafunguka kwenye skrini na wote watatu tukaona hapohapo, mimi, dokta wa zamu na sista aliyemsindikiza: ubavu wa 7 kushoto umevunjika na vipande vimepishana, yani hata asiyesoma angeuona. Dokta akasema "Haya kaka, tumeipata", akaangalia kama kuna hewa imevuja kifuani, hakuna, damu hakuna, mzee akapewa dawa za maumivu na akaambiwa apumzike asibebe vitu vizito. Nikatoka zamu asubuhi roho nyeupe kabisa.

Miezi minne baadae karudi. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura, maana sura ilikua imebaki mifupa. Kikohozi, jasho la usiku, shati lile lile la siku ile sasa linapepea mwilini. Makohozi yalishapelekwa maabara, mashine ya GeneXpert ikasema TB, na dokta akaandika picha ya kifua. Nikapiga. Juu kabisa pafu la kulia kulikua na tundu, ukuta mnene, kikohozi chake hakikuhitaji tena kutafutiwa sababu. Sasa mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye kompyuta kutafuta jina lake, nikafungua ile picha ya usiku wa ajali nikaiweka pembeni ya hii mpya.

Ilikuepo. Juu kulia, nyuma ya mtulinga, ule mfupa unaotoka begani kuja chini ya shingo, pale unapokatana na ubavu wa kwanza, kulikua na ukungu mdogo kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Hapakuwa na mtu aliyeusema. Mimi niliyempiga picha na kuhakikisha imetoka vizuri niliiangalia ile picha labda dakika nzima, na macho yangu yalipita pale pale, nina uhakika yalipita kwa sababu mimi huwa naangalia kama mitulinga iko sawa kujua mgonjwa hakujipinda, kwahiyo nilitazama mtulinga, nikapima umbali, nikaridhika, na nyuma yake kulikua na ugonjwa unaniangalia.

Kwa miezi ile minne mzee alikua analala chumba kimoja na wajukuu wawili. Wakaitwa wakapimwa, mmoja akaanzishiwa dozi. Sitaki kuirefusha hii sehemu ila sitaki pia kuiruka, kwa sababu ndo inayonifanya niandike.

Nilianza kwa kujitetea moyoni kama binadamu yeyote. Nikajiambia ukishajua jibu kila kitu kinaonekana, hiyo ni kweli kabisa, ukiambiwa "angalia pale" hata kisichokuepo unaweza kukiona. Basi nikajaribu kitu. Nikamwita mwenzangu wa zamu ya mchana nikamwonyesha ile picha ya zamani bila kumwambia chochote, akasema ubavu wa 7, kushoto, akanyanyuka. Kesho yake nikamwonyesha dokta mwingine, ubavu, kushoto, umepishana, huyo akaniuliza na mgonjwa anaendeleaje. Halafu wa tatu nikamfanyia tofauti, nikaikuza picha mpaka skrini ikabaki na ile sehemu ya juu tu, ubavu uliovunjika hauonekani, nikamwuliza unaonaje. Hakumaliza hata kuvuta kiti. "Kulia juu hapo kuna kitu, ana kikohozi huyu?"

Macho ni yale yale, elimu ni ile ile, picha ni ile ile moja. Kilichobadilika ni kwamba jicho la yule wa tatu halikua limeshiba.

Na ndivyo ninavyolieleza siku hizi kwa vijana wanaokuja kwa mazoezi: jicho lina njaa na lina kushiba. Ukilipa kitu kikubwa cha kula mapema, linatosheka, na linaendelea kuzunguka zunguka kwa adabu tu lakini halitafuti tena. Hili wala si jambo nililoligundua mimi, mtaalamu wa mionzi wa Marekani anaitwa William Tuddenham aliliandika mwaka 1962, kwamba msomaji wa picha akishapata kitu kimoja anaridhika na msako unakufa. Mimi nililisoma chuo, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata maksi zangu. Nilikuja kulielewa kwa mzee.

Sisi tuna msemo, mwenye macho haambiwi tazama. Mtaani ni msemo mzuri sana, unamfaa mtu mzima anayejifanya haoni mambo yanavyokwenda. Ila chumba cha eksirei kimenifundisha kwamba huyo mwenye macho ndo wa kuambiwa tazama, tena aambiwe mara mbili, tena aambiwe wapi. Kutazama na kuona ni vitu viwili na Kiswahili chetu kinajua hivyo toka zamani, ndo maana mtu anaweza kusema "nimetazama sikuona" na hakuna anayemshangaa.

Kuna jaribio moja lilifanywa na watafiti wa Boston, likachapishwa mwaka 2013, ambalo huwa nalisimulia kila ninapopata nafasi. Walichukua madaktari bingwa wa mionzi 24, watu wa kazi hasa, wakawapa picha za sitiskani za mapafu watafute vinundu vidogo vya saratani. Kwenye picha za mwisho wakachomeka gorila. Ndio, picha ya gorila ndani ya pafu, amenyoosha mkono, na ukubwa wake ni mara 48 ya kinundu cha kawaida walichokua wanakitafuta. Kati ya wale 24, 20 hawakumwona. Na walikua wamewafungia kifaa cha kufuatilia mboni za macho, kikaonyesha kwamba wengi wa wale wasiomwona walikua wamemtazama moja kwa moja. Jicho lilitua juu ya gorila, likanyanyuka, likaendelea kutafuta vinundu. Watu wakisikia hii wanaanza kuwacheka wale madaktari na mimi huwa nakataa kabisa, wale hawakua wazembe, walikua wanafanya kazi waliyopewa kwa bidii kiasi kwamba kila kisichofanana na kazi ile kilifutwa kabla hakijafika akilini. Ndo mimi na mtulinga wa mzee.

Kabla ya hapo kulikua na wengine, Harold Kundel na Calvin Nodine, wao walifuatilia macho ya wasomaji wa picha kwa miaka mingi na wakatuachia namna ya kuyapanga makosa ambayo mimi naiona ina huruma na ina ukweli. Kuna kukosa kwa sababu jicho halikufika pale kabisa. Kuna kukosa kwa sababu jicho limefika likapita bila kutambua. Na kuna kukosa ambako jicho limefika, limekaa, limerudi, limekaa tena, halafu mwenye jicho akaamua "aah hii si kitu". Hili la mwisho ndo linaloniumiza zaidi manake pale mtu alikua na jibu mkononi akalirudisha mwenyewe. Ukijua kosa lako ni la aina gani unajua cha kurekebisha: wa kwanza anahitaji utaratibu wa kupita kila kona, wa pili anahitaji kuona picha nyingi zaidi, wa tatu anahitaji mtu wa kumwuliza. Kumwambia wote watatu "muwe makini" hakumsaidii hata mmoja. Na tukumbuke hata mabingwa wanakosa, miaka ya 1940 huko Marekani daktari Henry Garland alipima wasomaji wazoefu wa picha za kifua akakuta wanapitwa na kama asilimia 30 ya picha zenye ugonjwa, alichapisha 1949. Mashine zimebadilika mno toka wakati ule, jicho la mtu ni lile lile.

Sasa nisionekane nasema jicho ni bovu tu. Kuna siku liliokoa.

Alikuja mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo sokoni, kikohozi wiki tatu, kasuka rasta ndefu nzuri za kuongezea zimefika mgongoni. Aliyempiga picha alikua kijana wa mazoezi, mimi nilikua naandika kwenye rejista nyuma ya meza. Picha ikaenda kwa dokta, dokta akaona ncha zote mbili za mapafu zina michirizi ya weupe, kikohozi wiki tatu, TB imejaa wilaya nzima, akaanza kuandika fomu ya kumpeleka kliniki ya TB. Mimi nilipopita nikaiona ile picha kwenye skrini yake, nikasimama. Michirizi ile ilikua inatoka nje ya pafu. Inapanda shingoni. Ugonjwa wa mapafu hauendi shingoni kwa mistari ya msuko. Nikamwambia dokta naomba nimwite tena huyu mama, nikamwomba kwa heshima azibane nywele juu ya kichwa, nikapiga upya. Mapafu meupe... yani namaanisha safi, kwenye eksirei safi ni nyeusi. Hakuna kitu. Makohozi nayo yakapimwa, hakuna TB, ilikua mafua yaliyoshuka kifuani na vumbi la mitumba.

Kilichomsaidia yule mama ni kwamba mtu mmoja kwenye mnyororo ule alikua amemwona yeye, sura na nywele zake, dakika kumi kabla. Dokta alimwona pia lakini mapema, kwenye foleni ya watu sitini. Picha peke yake ilikua inasema TB. Na vitu kama hivi viko vingi, hirizi iliyoshonwa kwenye kipande cha ngozi ikaonekana kama kitu kigumu kifuani, shanga za kiunoni kwenye picha ya nyonga, kifungo cha sidiria, chuchu ya mwanaume mwembamba inayoonekana kama kinundu chini ya pafu. Kijana wa mazoezi huwa namwambia mwangalie mgonjwa kwanza, mwangalie kichwa hadi kiuno kabla hujamweka kwenye stendi, halafu muulize, "mama una kitu chochote shingoni au kifuani?", na usikilize jibu.

Kuna na uongo mwingine ambao hauko kwa mgonjwa wala kwenye mashine, uko ndani ya jicho lenyewe. Nilishawahi kuona mstari mweusi mwembamba unafuata ukingo wa moyo, kushoto, nikajua hii ni hewa imevujia pale, nikamkimbilia dokta wa zamu. Yule dokta alikua mtu mzima, hakunigombeza. Akachukua kipande cha karatasi akaziba ule upande mweupe wa moyo, akaniambia tazama sasa. Mstari ukapotea. Akaondoa karatasi, mstari ukarudi. Ule mstari haukuepo kwenye picha, jicho linauchora lenyewe mahali weupe na weusi vinapokutana, ndo tabia yake, mwanafizikia Ernst Mach alieleza jambo hili mwaka 1865, hata eksirei yenyewe haijagunduliwa, maana Röntgen aliigundua 1895. Toka siku ile natembea na kipande cha karatasi mfukoni. Ukiziba na mstari ukabaki, hapo kimbia.

Nije kwenye simu, na hapa niseme kwa uchungu kidogo. Hospitali nyingi za wilaya hazina daktari bingwa wa mionzi, hilo linajulikana, na tukikwama tunafanya wanachofanya wengi: tunapiga picha ya picha kwa simu, tunatuma WhatsApp kwa bingwa wa mkoani au kwenye grupu, na Mungu awabariki wale mabingwa wanaojibu saa tano usiku bila malipo, nimeona watu wamepona kwa sababu ya jibu la mistari miwili. Ila ile picha tunayomtumia ni nini? Filamu imeshikiliwa dirishani, nyuma yake kuna mti na paa la bati, kona moja ina mwanga wa jua na nyingine giza, simu yenyewe imejirekebishia mwanga inavyotaka, halafu WhatsApp nayo inaiminya ili iende haraka. Ukungu mdogo nyuma ya mtulinga unafia njiani. Bingwa anatazama skrini ya simu ukubwa wa kiganja, anasema "sioni kitu", na sisi huku tunaandika kwenye faili bingwa kasema hakuna kitu. Hakusema hivyo! Alisema haoni. Siku hizi nikituma natoa ile picha kwenye kompyuta yenyewe, natuma kama faili ili isiminywe, natuma nzima kwanza halafu sehemu, na naandika mgonjwa ana umri gani, anakohoa toka lini, analalamikia wapi. Na hata mimi mwenyewe chumbani kwangu nilikua nasoma skrini dirisha likiwa wazi nyuma yangu, miezi na miezi, najiona mwenyewe kwenye kioo cha skrini na sikujali. Nilishona pazia la kitenge kizito kwa hela yangu. Tofauti niliyoiona wiki ya kwanza ilinitia aibu kwa ajili ya wote waliopita kabla ya lile pazia.

Halafu fomu za maombi. Ndugu zangu matabibu nawaheshimu na najua foleni ilivyo, ila fomu inakuja imeandikwa "eksirei ya kifua" basi, au "kikohozi". Jicho linaloenda bila habari ni kama mtu aliyetumwa sokoni bila kuambiwa anunue nini, atarudi na kitu lakini si lazima kiwe unachokitaka. Fomu ya mzee usiku ule ilisema "ajali ya bodaboda, maumivu ubavu wa kushoto", na tulileta hicho hicho. Kama mtu angemwuliza mzee unakohoa, angesema ndio. Nilimwuliza baadae. Alikua anakohoa mwezi mzima kabla ya ajali, hakusema kwa sababu hakuulizwa na yeye aliona si jambo la kumsumbua daktari usiku.

Ila kuna habari ya upande wa pili, kwamba habari nayo inaweza kulifunga jicho. Ndo maana mwalimu wetu mmoja chuoni alikua na mchezo wake. Enzi hizo bado kulikua na filamu na lile boksi la taa, anabandika filamu, anawasha taa, anazima. Kufumba na kufumbua. Halafu anauliza, mzima au mgonjwa? Tukawa tunalalamika mwalimu hata hatujaona. Anasema sijakuuliza umeona nini, nimekuuliza mzima au mgonjwa. Na tulikua tunapatia zaidi kuliko tulivyotegemea! Baadae nikajua alichukua wazo kwa wale wale kina Kundel na Nodine, mwaka 1975 walionyesha wasomaji wazoefu picha za kifua kwa sehemu moja ya tano ya sekunde tu, muda ambao jicho haliwezi hata kusogea, na walipatia kama asilimia 70. Yani kuna kitu ndani ya mtu aliyeona mapafu maelfu kinachonusa kabla hakijaweza kueleza. Wanafunzi wanadhani kile ni kubahatisha. Mimi nakiheshimu sana, picha ikinipa ule mshtuko mdogo tumboni na sijui kwanini, siifungi. Naiacha wazi, natoka, nampiga mgonjwa anayefuata, narudi. Mara nyingi ukirudi kinakuita chenyewe.

Kwahiyo sasa hivi nasoma hivi, na sisemi ndo njia pekee. Picha ikifunguka natazama nzima bila kusoma fomu, natamka kwa sauti ndogo mzima au mgonjwa. Halafu nasoma fomu. Halafu nikikuta kile kitu kikubwa, mfupa, maji, chochote kile, nakiandika kwenye karatasi na kukiziba kwa kiganja, nakiziba kabisa kwenye skrini, naanza upya kana kwamba sijaona kitu. Ncha ya kulia, ncha ya kushoto, nalinganisha moja na nyingine, nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, chini ya diaframu, kila ubavu kwa jina lake, mwisho nyama za nje na shingo. Inachukua kama dakika moja na nusu. Wenzangu mwanzoni walikua wanashangaa huyu anaziba nini na kiganja, sasa hivi wawili wanaziba.

Mwaka juzi ilikuja programu ya kompyuta ya kusoma picha za TB, kwenye gari la upimaji lililopita vijijini. Shirika la Afya Duniani lilishazikubali hizi programu mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na mimi sina ugomvi nazo, kusema kweli nilizikaribisha kwa mikono miwili kwa sababu namjua mzee. Kompyuta haishibi. Picha ya 200 inaiangalia kama ya kwanza, inakupa namba ya kuonyesha TB inashukiwa kiasi gani, inakupaka rangi pale inapopashuku. Nilifanya nayo kazi siku nane na ilituonyesha watu ambao tungewapita. Kitu nilichokiona ni kuhusu sisi. Namba ikitoka ndogo, mikono inapumzika. Siku ya kwanza tulikua tunaisoma picha halafu tunaangalia namba. Siku ya nne tunaangalia namba halafu tunasoma picha. Siku ya sita kuna mahali nilijikuta nimeshaita "anayefuata" na picha sijaitazama kabisa. Programu ile ilitengenezwa kutafuta TB, ubavu uliovunjika haiusemi, moyo uliotanuka si kazi yake, na kulikua na mama mmoja namba yake ndogo kabisa na moyo wake umezidi nusu ya kifua. Yule tulimpata kwa sababu alikua anahema akipanda ngazi mbili za gari na sista akaniambia "hebu mwangalie vizuri huyu". Ikabidi tukubaliane kwenye lile gari, namba inafunikwa na karatasi mpaka msomaji aseme lake kwanza. Foleni ilikua ndefu zaidi kidogo na watu walinung'unika juani, niliwaelewa, sikubadilisha.

Mzee alimaliza dozi yake miezi sita, ile minne ya kwanza... hapana, miwili ya kwanza ya dawa nne na minne ya dawa mbili, hakukosa hata siku, mjukuu nae akamaliza yake. Akaja kwa picha ya mwisho kanenepa, kavaa kofia mpya, kaniletea parachichi kwenye mfuko wa rambo. Mimi nilikua nimeshamwambia ukweli siku nyingi, kwamba ile picha ya ajali ilikua na ugonjwa na hatukuuona, nilimfuata nyumbani nikamwambia mbele ya mwanae, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema "umekuja kuniambia mwenyewe", hakusema zaidi na mimi sikumwomba aseme zaidi.

Nikampiga picha. Nikamwita aje aone kwenye skrini, nikamwonyesha pale juu kulia, tundu limejifunga, limebaki kovu limevuta pafu kidogo juu. Nikakuza ile sehemu, nikalinganisha na ya zamani, nikamweleza mstari kwa mstari, nilikua na furaha kweli. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka mkono pale kushoto chini ya kwapa, akauliza:

"Na huu ubavu, mwanangu, uliunga?"

Sikua nimeutazama. Nikairudisha picha ikae nzima, nikahesabu kutoka juu, wa tano, wa sita, wa 7, na ulikua umeunga, na fundo dogo gumu pale ulipokua umepishana. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasogea karibu na skrini, akautazama muda mrefu.